Maswali ya Wasomaji: Thamostati ya kutachi kwa nyumba ya Dar

Desemba mpaka Machi jiji hili halina huruma, na barua za viyoyozi nazo huja kwa mafungu. Safari hii wengi mmeuliza kuhusu thamostati za ukutani zenye skrini ya kutachi, zile unazozipangia saa na joto kisha ukazisahau. Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Mdogo wangu anatoka Marekani. Alete ngapi?

*Nyumba yangu ina viyoyozi vitatu vya ukutani, kila chumba na rimoti yake, na rimoti mbili watoto wameshazimaliza. Mdogo wangu anarudi Desemba na amesema ataniletea thamostati za kutachi kama za huko anakoishi. Nimwambie alete za aina gani? — Mama wa watatu, Mbezi Beach*

Mwambie asilete hata moja, mama. Nafasi kwenye begi aijaze vitu vingine.

Thamostati ukiivua urembo wote ni swichi inayosoma joto. Kabla ya kuangalia skrini, jiulize swichi hiyo itaamrisha nini. Za Marekani zimetengenezwa kwa mitambo ya nyumba nzima inayosukuma hewa kwenye mifereji ya bati darini, na nyaya zake za amri hubeba volti 24 tu. Geuza nyuma utakuta herufi R, C, Y, G na W. R inaleta umeme, C ni njia yake ya kurudi, Y inaita kompresa, G inaita feni, na W inaita joto, kitu ambacho Mbezi Beach hakina mteja. Kiyoyozi chako hakina hata waya mmoja wa namna hiyo. Kati ya mashine ya ndani na ya nje kuna volti 230 na waya wa mawasiliano, na bodi mbili zinazungumza humo kwa lugha ya kiwanda chao wenyewe. Fundi akikwambia "tutaunga tu, itakubali", thamostati itaungua siku hiyohiyo, na bodi ya kiyoyozi inaweza kuifuata.

Zinazokufaa ni njia tatu. Ya kwanza ni rahisi mno kiasi kwamba watu huidharau: nunua rimoti mpya zinazoendana na mashine zako na utumie saa iliyo ndani yake. Rimoti nyingi zinapanga muda wa kuwasha na wa kuzima.

Ya pili ni kidhibiti cha ukutani cha kiwanda kilekile kilichotengeneza kiyoyozi. Midea vyake huanza na herufi KJR, Gree na XK, Daikin na BRC, na baadhi ni vya kutachi. Hivi ndivyo vinavyoongea lugha ya bodi. Ila si kila mashine ya ukutani ina sehemu ya kuvichomeka. Fundi afungue uso wa mashine ya ndani na aangalie kama bodi ina soketi hiyo kabla hujatoa hela.

Ya tatu ni kidhibiti cha infraredi kinachojifanya rimoti. Vipo vyenye skrini yake na vipo vinavyoendeshwa kwa simu kupitia Wai-Fai. Hupangiwa ratiba ya wiki nzima na hakuna waya wa kuunga zaidi ya wa chaji. Mambo mawili yanawasumbua wanunuzi. Infraredi haipiti ukuta, kwa hiyo vyumba vitatu ni vidhibiti vitatu, kila kimoja kikikiona kiyoyozi chake bila pazia wala kabati katikati. Pia vingi hutuma amri bila kupokea jibu. Mtoto akizima kwa rimoti ya zamani, kidhibiti kitaendelea kuamini kiyoyozi kinawaka.

Ipo na njia ya nne, ya kukata umeme wa kiyoyozi chenyewe kwa rilei, yaani swichi ndogo inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Kwa kiyoyozi cha inveta hiyo ikatae kabisa. Inveta inaokoa umeme kwa kupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima, nawe utakuwa unaizima. Na umeme ukirudi, mashine isiyo na kumbukumbu ya kujiwasha itabaki imelala huku thamostati ikidhani imeshamaliza kazi.

Muuzaji anasema zote ni sawa

*Naishi ghorofa la nane. Jengo lina mtambo mmoja wa kupoza maji, na kila chumba kina mashine ya feni iliyofichwa juu ya jipsamu. Thamostati ya sebuleni, ile ya zamani ya kuzungusha, imekufa na mwenye nyumba ameruhusu niweke ya kutachi. Kariakoo nimeoneshwa sita zinazofanana. Nichukue ipi? — Mpangaji, Upanga*

Wewe ndiye hasa thamostati hizi zimetengenezewa, lakini muuzaji amekuangalizia sura tu. Jibu lako halipo dukani, lipo nyuma ya ile iliyokufa.

Zima breka ya mashine hiyo, si swichi ya ukutani peke yake, na uhakikishe kwa testa. Vua uso wa thamostati ya zamani upige picha nyaya zikiwa mahali pake, herufi zikisomeka. Kwa kawaida utakuta L na N, yaani laini na nyutro, halafu nyaya tatu za spidi za feni, kisha moja au mbili za valvu, ile inayofungulia na kufungia maji baridi yanayoingia kwenye mashine. Usiamini rangi. Majengo ya zamani yana nyekundu kwa laini na nyeusi kwa nyutro, mapya yana kahawia na bluu, na yapo ambayo fundi alitumia rangi iliyombakia kwenye rola. Picha hiyo ndiyo uende nayo dukani.

Kwanza hesabu mabomba. Jengo la kupoza tu lina mabomba mawili, kwenda na kurudi. Thamostati ya mabomba manne ina tundu la ziada la valvu ya maji ya moto. Inaweza kufanya kazi, lakini utalipia joto ambalo Dar hupewa bure.

La pili ni valvu, na hapa ndipo wengi huangukia. Valvu ya springi inafunguka ikipata umeme na kujifunga yenyewe umeme ukikatwa. Inataka nyaya mbili, nyutro na amri ya kufungua. Valvu ya mota isiyo na springi inataka tatu: nyutro, kufungua na kufunga. Ukiipa hii ya pili thamostati yenye amri moja tu, itafunguka na kubaki wazi. Maji baridi yatapita usiku kucha hata feni ikiwa imezimwa, mashine itatoka jasho mpaka nje ya sinia lake la kukingia maji, na asubuhi utaona doa la kahawia kwenye jipsamu. Utamwita fundi bomba kuziba uvujaji ambao haupo. Soma pia volti zilizoandikwa kwenye kichwa cha valvu: 230 au 24. Thamostati ya 230 itakichoma cha 24.

Feni je? Ya spidi tatu za kawaida inaendana na thamostati yenye matundu ya Hi, Me na Lo. Feni mpya zenye mota ya elektroniki huamriwa kwa volti 0 hadi 10, na hizo zinataka thamostati yake. Kama ni ya spidi tatu, usiruhusu waya mbili za spidi ziingizwe tundu moja eti "matundu hayatoshi". Mota ikipata umeme kwa spidi mbili kwa wakati mmoja, koili zake huungua.

Mwisho ni boksi la ukutani. Nyingi za thamostati hizi zina uso wa milimita 86 kwa 86 na skrubu zilizoachana milimita 60, kwa hiyo zinakaa vizuri kwenye boksi letu la swichi moja. Tatizo ni kina. Boksi la milimita 25 halitoshi mgongo wake pamoja na nyaya saba zilizokunjwa. Utaukandamiza uso mpaka skrini ipinde. Tafuta boksi la 35, na 47 ni raha zaidi.

Ukishaifunga, bado hujamaliza. Ingia kwenye menyu ya fundi. Kwa nyingi unaizima skrini, kisha unashikilia vitufe viwili kwa sekunde tano hivi. Karatasi ya ndani ya boksi itakwambia vipi. Tafuta kipengele kinachosema feni ifanye nini joto likifika ulipotaka. Zina chaguo mbili, feni iendelee au isimame. Kwa Dar chagua isimame.

Sababu ni unyevu. Mashine inapopoza, koili yake, yaani vibomba vinavyopitisha maji baridi, hulowa maji yaliyotoka kwenye hewa ya chumba, yakidondoka kwenye sinia na kwenda nje kwa bomba. Valvu ikifunga na feni ikaendelea, ile hewa inapita juu ya koili iliyolowa na kuyarudisha maji yaleyale chumbani. Skrini itasoma 25 na shati litakushika mgongoni. Mtu akisikia hivyo hushusha hadi 22, kisha 20, akitafuta ukavu kwa kutumia baridi, na bili ya jengo inapanda. Kwa sababu hiyohiyo usiiache feni kwenye spidi ya juu muda wote. Hewa ikipita taratibu koili inakuwa baridi zaidi na inakamua maji mengi zaidi. Anza na juu kwa dakika 15 unapoingia, halafu iache kwenye otomatiki au chini.

Kazi ya nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Jengo la ghorofa si mahali pa kujifunzia.

Nikiweka 25 haiwaki, nikiweka 35 haizimi

*Nina ofisi ndogo ya ushonaji yenye kiyoyozi cha dirishani cha zamani, cha vifundo. Nilinunua mtandaoni thamostati ya kutachi ya ampea 16, fundi akaiunga ikate umeme wa kiyoyozi. Nikiweka nyuzi 25 haiwaki kabisa. Nikiweka 35 inawaka, lakini haizimi mpaka wateja wanaomba nguo walizoleta kushona wazivae. Mbovu? — Fundi cherehani, Kinondoni*

Si mbovu, fundi. Inafanya kazi yake sawasawa, ila kazi yake ni kupasha joto sakafu za nchi za baridi.

Thamostati ya kupasha joto hufunga rilei chumba kikiwa na joto dogo kuliko uliloweka. Chumba chako kina nyuzi 30, umeweka 25, inaona joto limeshatosha, inakaa kimya. Ukiweka 35 inaona chumba kina baridi, inaita mashine, na mashine uliyoifunga nyuma yake ni ya kupoza. Chumba kinazidi kupoa, nayo inazidi kuita.

Baadhi zina kipengele cha kugeuza kutoka HEAT kwenda COOL kwenye menyu ya fundi. Angalia. Lakini hata ikigeuka hatukushauri uiache kwa sababu mbili. Zile ampea 16 zimepimwa kwa hita, ambayo inavuta umeme uleule tangu inapowaka. Kompresa ya dirishani ya BTU 12,000 inatembea na ampea 5 au 6, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Kila kuanza kunachoma ncha za rilei kidogo, mpaka siku zinaponatana na kiyoyozi hakizimiki tena. Dawa ni kontakta, yaani rilei kubwa ya kubeba mzigo mzito: thamostati iamrishe koili ya kontakta ya volti 230, na kontakta ya daraja la AC-3, lile la mota, yenye ampea 12 au zaidi ndiyo ibebe kompresa.

Sababu ya pili ni kwamba za kupasha joto hazina ucheleweshaji. Kompresa ikizimwa inahitaji kama dakika tatu presha ya gesi isawazike pande zote. Ikiitwa kabla ya hapo inang'ang'ana, inanguruma, kinga yake inakata. Thamostati ya kupozea hungoja dakika hizo yenyewe. Kwenye boksi tafuta maandishi ya kupoza, na kwenye menyu tafuta dakika za kuchelewesha kompresa. Zisiposemwa popote, rudisha rafuni.

Inawaka tukiwa tumelala

*Nimepanga iwake saa 3 usiku na izime saa 11 alfajiri. Inawaka usiku wa manane na kuzima mchana kweupe. Nimebadilisha mbili tayari, zote ni hivyohivyo. — Baba mwenye nyumba, Kijitonyama*

Uliandika 03:00 na 11:00, sivyo? Skrini ilisoma saa tisa usiku na saa tano asubuhi, ikatii. Inahesabu kuanzia katikati ya usiku, sisi tunahesabu kuanzia macheo na machweo. Za mchana, yaani saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza sita. Saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku ongeza kumi na nane. Saa 6 usiku ni 00:00, na kutoka saa 7 usiku mpaka saa 12 asubuhi toa sita. Kwa hiyo wewe uandike 21:00 na 05:00. Kama skrini inaonesha AM na PM, igeuze iwe ya saa 24 kwanza. Hapo makosa yanapungua nusu.

Mtego wa siku nao ni wa lugha. Siku kwenye skrini zimeandikwa 1 mpaka 7, na kwa nyingi 1 ni Jumatatu. Mswahili akiiona 1 anafikiria Jumamosi, maana jina lenyewe ndilo linalosema mosi, na Jumatatu ina tatu ndani yake. Ukipanga hivyo, mapumziko ya familia yanahamia Jumatatu na Jumanne.

Kuhusu wiki, soma namba zilizoandikwa kwenye boksi. 5+2 maana yake Jumatatu hadi Ijumaa zina ratiba moja, Jumamosi na Jumapili ratiba nyingine. Anayefanya kazi Jumamosi anataka 6+1, au inayokubali siku saba tofauti. Hiyo ya siku saba ndiyo tungeinunua, hasa kwa nyumba yenye watu wa zamu.

Vipindi vya siku navyo vimechorwa alama: jua, mtu anatoka, mtu anarudi, mwezi. Zimebuniwa kwa wanaoamka na baridi. Puuza picha, tumia saa. Chumba cha kulala kinaweza kwenda hivi: kipindi cha kwanza 05:00, nyuzi 32, ambayo ni sawa na kuizima, cha pili 13:00, nyuzi 32 vilevile, kwa sababu zipo zisizokubali kufuta kipindi, cha tatu 21:00, nyuzi 25, cha nne 23:00, nyuzi 26, maana mwili uliolala hautaki baridi ya aliyetoka kwenye daladala. Kipindi cha mwisho huendelea mpaka cha kwanza cha kesho yake. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa unaishia kwa saa ya Jumamosi: ukiiandikia Jumamosi kipindi cha kwanza saa 09:00, kiyoyozi kitaendelea mpaka saa tatu asubuhi.

Umeme ukikatika inasahau

*Kila umeme ukirudi saa imeruka. — Msomaji, Gongo la Mboto*

Ratiba yenyewe mara nyingi haipotei, kinachopotea ni saa. Zipo zenye betri ndogo au kapasita ya kushikilia saa, na zipo zisizo na kitu. Dukani omba iwashwe, irekebishwe saa, izimwe dakika 15, iwashwe tena. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Za Wai-Fai hujichukulia saa mtandaoni, ila kama saa iko tano mbele kamili, inafuata Beijing: kwenye aplikesheni badilisha eneo liwe Dar es Salaam, yaani UTC+3. Nyingi zinashika Wai-Fai ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo ruta ikiwa imewekwa 5 GHz peke yake hazitaiona.

Na iweke nyuma ya kifaa cha kulinda volti kama unavyofanya kwa friji. Kinachokufa zaidi ndani ya thamostati ni kile kijisehemu kinachogeuza 230 kuwa volti chache za skrini, nacho hufa dakika umeme unaporudi kwa kishindo.

Inasoma 29, mezani ni 26

*Kipimajoto cha mezani kinasema 26, thamostati 29. Kiyoyozi hakipumziki. — Mama Kimara*

Weka kiganja pembeni ya thamostati saa nane mchana. Ukihisi kijiupepo cha joto, umempata mwizi. Bomba la nyaya linapanda ndani ya ukuta mpaka juu ya dari, chini ya mabati, ambako jua la mchana limepika hewa. Kiyoyozi kikiwaka na feni za kutolea hewa zikivuta, hewa hiyo hushuka kwenye bomba na kutokea nyuma ya kihisi. Zima breka, vua uso, ziba mdomo wa bomba kwa silikoni au hata plastisini ya watoto, nyaya zikibaki salama, kisha rudisha.

Kama hakuna kijiupepo, angalia ukuta. Unaopigwa na jua la magharibi hautafaa, wala ulio nyuma ya jiko, juu ya friji, karibu na televisheni, au unaopulizwa na kiyoyozi moja kwa moja. Ukuta wa ndani, kimo cha mita 1.2 mpaka 1.5 kutoka sakafuni, mahali hewa ya chumba inapozunguka.

Marekebisho ya namba yawe ya mwisho. Ning'iniza kipimajoto chako kando ya thamostati, si mezani, subiri saa nzima mlango umefungwa, kisha kwenye menyu ya fundi weka tofauti uliyoiona, kwa mfano -1. Punguza na mwanga wa skrini, maana zenyewe hujipasha joto kidogo. Ya chumbani chagua inayozima mwanga kabisa. Ukutani gizani hata nukta ya bluu inakera.

Wageni wanaweka 16

*Nina gesti ya vyumba kumi na viwili. Wageni wanashusha mpaka 16 na kufungua dirisha. — Mwenye gesti, Sinza*

Usinunue kwa kuangalia uzuri wa skrini. Unachohitaji ni thamostati inayokuruhusu kuweka mwisho wa chini, tuseme 23, na kufunga menyu kwa namba ya siri. Mgeni atabonyeza apendavyo na haitashuka. Kufunga vitufe peke yake hakutoshi, kwa kuwa karibu kila mtu anajua kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Kwa dirisha, zipo zenye matundu ya swichi ya sumaku: dirisha likifunguliwa, kupoza kunasimama. Waya wake ni mwembamba na wa volti ndogo. Usipitishwe bomba moja na 230. Kama vyumba vyako vina viyoyozi vya ukutani, rejea jibu la Mbezi Beach kabla hujanunua kumi na mbili za kitu kisichoungika.

Skrini haisikii kidole

*Miezi minane tu, natachi mara tano ndiyo inashtuka. — Kigamboni*

Hewa ya chumvi. Uso na mgongo wa thamostati hukutana kwa pini ndogo, nazo hushika kutu ya kijani. Zima breka, tenganisha, sugua pini kwa mswaki laini uliolowekwa spiriti, iache ikauke nusu saa. Kama uso una utando wa mafuta ya kujipaka, futa kwa kitambaa kikavu kidogo. Usinyunyizie kitu moja kwa moja, maji huingia pembeni. Karibu na bahari hivi, ya vitufe vya kawaida inadumu zaidi, na hakuna aibu kuinunua.

Naweza kuitumia kwa hita ya maji ya bafuni?

*— Msomaji, Ubungo*

Hapana. Inasoma hewa ya ukutani, haijui maji ndani ya tangi yana nyuzi ngapi. Hita yako ina thamostati yake ya fimbo na kinga ya kukata ikizidi, usiziguse. Ukitaka ratiba, weka taima na kontakta. Hita ya kilowati 3 inavuta ampea 13 mfululizo, usiipitishe kwenye taima ya kuchomeka.

LUKU itapungua kweli?

*Nisomeshe hesabu, sitaki maneno. — Tabata*

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho inveta, kinachovuta kilowati 1.1. Saa nane za usiku, kompresa ikizunguka asilimia 60 ya muda, ni uniti 5.28. Bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida wa TANESCO, ni shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo inakuwa kama 356. Bei yako ikiwa tofauti, badilisha namba. Usiku mmoja ni shilingi 1,880. Ratiba ikikizima saa mbili mapema, unaokoa uniti 1.32, shilingi 470, na kwa mwezi kama 14,100. Bei utakayotajiwa dukani, pamoja na ya fundi, igawe kwa hiyo 14,100 upate miezi ya kurudisha hela. Ikizidi ishirini na nne, nunua pazia zito la dirisha la magharibi kwanza.

Kama uko D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, fahamu kwamba kiyoyozi hicho peke yake kinakula uniti 158 kwa mwezi, na D1 inaishia 75. Zinazozidi hapo zinauzwa 350 kabla ya kodi, ghali kuliko za T1.